Rahisi ya Sokoni, Rahisi ya Shambani

Wajukuu zangu, sogeeni motoni. Baridi ya Ufipa mwezi huu wa Juni si mchezo.

Leo mmoja wenu amerudi kutoka sokoni Sumbawanga na swali. Kamsikia muuzaji akinadi, "Mahindi rahisi! Mahindi rahisi!" Akaniuliza, "Bibi, kama mahindi ni rahisi, mbona mgongo wako unauma kila msimu?" Swali zuri. Sikilizeni.

Neno rahisi lilivuka bahari. Waarabu husema rakhis, na kwao ni kitu cha bei ndogo. Katika ukoo wa neno hilo mna ulaini na kulegeza. Humo ndimo lilimotoka pia rukhsa, ambalo sisi twaliita ruhusa. Anayekupa ruhusa si amekulegezea? Basi rahisi na ruhusa ni ndugu wa tumbo moja.

Lilipofika kwetu, Waswahili walilipa neno hilo kazi ya pili: jambo lisilo na taabu. Mwarabu jambo hilo huliita sahl, nasi hilo tukalichukua pia, tukasema sahali.

Ugeni wa rahisi mtautambua darasani. Neno letu la Kibantu, -epesi, hubadili vazi kila liendapo: mtihani mwepesi, kitabu chepesi, kazi nyepesi. Rahisi halibadiliki: mtihani rahisi, kitabu rahisi, kazi rahisi.

Sasa turudi kwenye mahindi. Hapa Ufipa wazee wetu walilima kwa ntumba. Ardhi ikiwa bado na unyevu wa mvua, waliupindua udongo pamoja na nyasi zake, wakaurundika kuwa matuta ya duara. Nyasi zilioza ndani zikawa mbolea. Msimu uliofuata wakayatawanya matuta, wakapanda. Tuta moja baada ya jingine, mtu ameinama na jembe tangu alfajiri. Hapo hapana rahisi. Lakini mavuno yakishajaa sokoni, bei hushuka, debe likawa rahisi.

Mmeona? Neno ni moja, maana mbili. Muuzaji alitaja bei, mjukuu wangu akafikiria jasho; na wote wawili walisema Kiswahili sahihi.

Kwa hiyo mkilisikia neno hili, ulizeni kwanza: ni rahisi kununua, au ni rahisi kufanya? Na mkila ugali wa mahindi ya bei ndogo, mkumbukeni aliyeinama shambani. Kwake hayakuwa rahisi.