Mtoto Ameumia: Twende Wapi?

Mtoto wa miaka sita ameanguka kutoka mwembeni saa kumi na moja jioni. Analia, ameushika mkono wake wa kushoto, na kiwiko kimeanza kuvimba. Jirani anashauri apelekwe kwa mzee anayeunga mifupa. Shangazi anaona inunuliwe dawa ya maumivu dukani, wasubiri kupambazuke. Baba, aliye kazini, anasema kwa simu wakodi bajaji waende moja kwa moja Muhimbili. Wote wanamtakia mtoto mema, lakini hawawezi kuwa sahihi wote.

Katika sura hii tunaeleza namna ya kuamua. Makosa yanayotokea mara nyingi ni mawili: kuchelewa mahali pasipo na uwezo, na kukimbilia mbali ilhali msaada upo karibu. Kosa la kwanza laweza kumgharimu mtoto kiungo au maisha. La pili hugharimu muda na fedha, na wakati mwingine hayo hayo maisha.

Hatari kwanza, jeraha baadaye

Kabla ya kuuliza ni hospitali ipi, mzazi ajiulize kama hali inaruhusu kusubiri. Haisubiri iwapo mtoto amepoteza fahamu hata kwa muda mfupi, anapumua kwa shida, amepata degedege, au damu inaendelea kutoka baada ya kukandamizwa kwa kitambaa safi. Vivyo hivyo iwapo mfupa umetokeza nje, kiungo kimepinda, au vidole vya mkono au mguu ulioumia vimekuwa baridi, vimepauka au vimekufa ganzi.

Jeraha la kichwa lina hila yake, kwa kuwa mtoto aweza kuinuka na kucheza, kisha hali ikabadilika baada ya saa kadhaa. Akitapika mara kwa mara, akilala usingizi usio wa kawaida, akilalamika kwamba kichwa kinazidi kuuma, au akitokwa na damu ama maji maangavu puani au masikioni, apelekwe hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Kila ngazi na uwezo wake

Huduma za afya za umma nchini Tanzania zimepangwa kwa ngazi. Zahanati huhudumia wagonjwa wasiolazwa: husafisha na kushona jeraha dogo, hufunga bendeji na hutoa dawa. Kituo cha afya hulaza wagonjwa, na baadhi ya vituo hivyo vina chumba cha upasuaji. Hospitali ya wilaya kwa kawaida ndiyo yenye eksirei na upasuaji wa jumla. Juu yake ipo hospitali ya rufaa ya mkoa. Jijini Dar es Salaam, kwa mfano, zipo Amana, Temeke na Mwananyamala. Hospitali za kanda kama Bugando na KCMC, Hospitali ya Taifa Muhimbili, na Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI) zimekusudiwa hasa wagonjwa waliopewa rufaa kutoka ngazi za chini.

Kanuni tunayopendekeza ni hii: chagua mahali pa karibu zaidi panapoweza kufanya jambo la kwanza analolihitaji mtoto. Kidonda kidogo kilichoingia mchanga huhitaji kusafishwa, na zahanati inatosha. Kiwiko kilichovimba huhitaji picha, hivyo penye eksirei ndipo pa kwenda. Mtoto anayetokwa na damu nyingi huhitaji izuiwe mara moja, hivyo kituo chochote kilicho jirani kinafaa, na rufaa itafuata. Pale ambapo kuna simu ya kituo, piga kabla ya kuondoka na uulize mambo mawili: je, mtaalamu yupo sasa, na je, kipimo kinafanya kazi? Zahanati nyingi hufungwa jioni, na safari ya bure huongeza maumivu.

Duka la dawa si zahanati. Muuzaji aweza kukuuzia dawa ya kutuliza maumivu na bendeji, lakini dukani si mahali pa kushona jeraha wala kuchomwa sindano.

Majeraha yanayowapotosha wengi

Mfupa. Kuvunjika karibu na kiwiko hutokea sana kwa watoto wanaoangukia mkono, na hapo mshipa mkubwa wa damu hupita karibu na mfupa. Mkono ukivutwa, ukikandwa, au ukifungwa vijiti kwa kubana, damu yaweza kushindwa kufika vidoleni, na nyama za mkono zikafa. Uegemeze mkono kwa kitambaa kama ulivyo, bila kuunyoosha. Usimpe mtoto chakula njiani, kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Moto na maji ya moto. Poza sehemu iliyoungua kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala yai. Kiganja cha mtoto pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 ya mwili wake. Akiungua eneo linalozidi viganja kumi, anahitaji hospitali yenye wodi. Uso, mikono, nyayo, sehemu za siri na maungio hupelekwa hospitali hata eneo likiwa dogo.

Mbwa na nyoka. Jeraha la mbwa lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe siku hiyo hiyo panapotolewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huo zikianza, karibu kila mgonjwa hufa. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala kufungwa kamba ya kubana. Atulizwe, asitembee, apelekwe hospitali.

Malipo, bima na polisi

Sera ya Afya ya mwaka 2007 imewasamehe malipo watoto wenye umri chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Kwa mwenye bima, kadi hutumika katika vituo vilivyosajiliwa na mfuko wake. Vifahamu vilivyo karibu nawe leo, kabla ya ajali. Katika kituo binafsi, uliza gharama ya kumwona daktari, ya picha na ya kufunga plasta, na udai risiti kwa kila malipo.

Mtoto aliyegongwa na chombo cha moto au kupigwa atahitaji fomu ya polisi namba 3, yaani PF3. Katika dharura, matibabu hutangulia na fomu hufuata. Mzazi mmoja abaki na mtoto, mwingine aende kituo cha polisi.

Chukua kadi ya kliniki ya mtoto, kwa kuwa mtoa huduma atataka kujua chanjo za pepopunda alizopata. Kabla ya kuondoka kituoni, uliza jina la tatizo, tarehe ya kurudi, na dalili zitakazokulazimu kurudi kabla ya tarehe hiyo. Ukipewa rufaa, ondoka na barua pamoja na picha, ili usilipie tena kipimo kile kile. Kuuliza hivyo ni haki yako, wala si utovu wa adabu.

Sasa turudi kwa mtoto wa mwembeni. Mama autazame mkono: kama vidole vina joto, vina rangi yake na vinacheza, aelekee hospitali ya karibu yenye eksirei jioni hiyo hiyo, wala asingoje asubuhi. Kama ni baridi au vimepauka, hali ni ya dharura na kila dakika ina thamani. Afike hospitali hiyo upesi, aeleze hali ya vidole mlangoni, na hospitali ndiyo itakayoamua kama ipo haja ya kwenda MOI. Mzee wa mifupa na duka la dawa si jibu kwa vyovyote vile. Uamuzi huo hauhitaji elimu ya udaktari; wahitaji mzazi atulie kwa dakika moja, atazame, kisha aondoke.