Vitabu Tulivyovisoma Mwaka Uliokwisha, na Tunavyokusudia Kuvisoma

Mhariri ametutaka sisi walimu tuandike ni vitabu gani vilivyotupendeza mwaka uliokwisha, na vipi twakusudia kuvisoma mwaka huu. Nami nalidhani ni kazi nyepesi. Nikachukua kalamu niandike majina ya vitabu na idadi ya kurasa zake, nimalize kabla kahawa haijapoa. Lakini nalipofika kwenye kitabu cha kwanza nikaona siwezi kukieleza bila kuyaeleza na mambo ya nyumbani mwangu. Basi nimewauliza wenyewe, wakaniruhusu, ila majina yao nisiyataje.

Kitabu chenyewe chaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Aliyekitunga ni Aniceti Kitereza, mtu wa Ukerewe, kile kisiwa kikubwa cha ziwani. Alizaliwa mwaka 1896, akasomeshwa na Mapadre Weupe, kwanza kwao Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya, nchi ya Ihangiro, kaskazini ya Biharamulo. Kwa hiyo sisi wa Ngara na Biharamulo tuna haki kidogo ya kumwita jirani, maana ujana wake aliupitisha katika mashamba ya migomba kama haya yetu.

Alikimaliza kitabu mwaka 1945, akakiandika kwa Kikerewe, kwa kuwa aliogopa desturi za wazee zisipotee wakati watoto wangali wadogo. Kitabu kikakaa. Nani angechapa kitabu kikubwa namna ile kwa lugha ya watu wachache? Mwishowe mzee akakaa tena mezani akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, kitabu ambacho chapa yake ina kurasa zaidi ya 600. Kikatolewa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam mwaka 1980, yaani miaka 35 baada ya kukimaliza. Mwaka 1981 akafariki, na kitabu kilichochapwa hakikuwahi kumfikia mkononi.

Sasa niwaambie tulivyokisoma. Nyumbani tuko watu wanane jioni: mimi na mama watoto, mwanangu na mkewe walio na nyumba yao upande wa pili wa ua, wajukuu watatu wa binti yangu wanaosoma shule hapa, na dada yangu mkubwa, ambaye ni mjane. Dada hajui kusoma, lakini masikio yake ni makali kuliko ya sisi sote. Baada ya chakula twawasha taa ya jua, na mtu mmoja husoma kurasa tano kwa sauti, kisha twalala. Jumamosi na Jumapili hatusomi. Twalianza juma la baada ya Pasaka tukamaliza mwisho wa Oktoba. Mtu akiniambia kwamba hana nafasi ya kusoma kitabu kikubwa, nami humwuliza kama ana nafasi ya kurasa tano.

Sitaki kuficha kwamba mahali pengine kitabu kinachosha. Kitereza hakuacha kitu: jinsi ya kukamua ndizi, jinsi ya kuvua samaki, jinsi mgeni anavyosalimu na jinsi anavyojibiwa, mpaka wajukuu wakaanza kupiga miayo. Dada yangu ndiye aliyewanyamazisha. Kwake yeye kurasa hizo ndizo zilizokuwa tamu kuliko zote, akawa akimkatiza msomaji: "Hapo amekosea. Sisi hatukufanya hivyo." Au: "Hapo amesema kweli, hata mama alifanya vivyo hivyo."

Walakini mwanzo wa kitabu si habari za ndizi. Ni habari za Bugonoka, mke asiyejaliwa mtoto, na ndugu za mumewe wanaomtukana kwa sababu hiyo, mpaka wazazi wake wakaja wakamchukua arudi kwao. Na Myombekere, ambaye wote walimtaka aoe mwingine, akakataa, akaenda kwa wakwe zake kuomba radhi.

Mke wa mwanangu alikuwa amekaa kwetu miaka sita bila mtoto. Nami naandika mambo haya kwa haya, kwa sababu mimi ni mkuu wa nyumba na nalikuwa nikisikia maneno yanayosemwa jikoni na kisimani, nikajifanya sikuyasikia. Aliyeyasema zaidi ni dada yangu. Hakuwa mtu wa ukali. Alikuwa akisema kwa kuzunguka, kama desturi ya wazee, kwamba mgomba usiozaa wakatwa, au kwamba kwa jirani fulani tayari wamepata wa tatu. Mkaza mwanangu hakujibu hata siku moja.

Ikawa jioni ile zamu ya kusoma ni yake. Mwanzo alikuwa akiona haya kusoma mbele ya mkwewe, lakini sauti yake ni nzuri, nasi twalikuwa tumekwisha kuizoea. Akafungua mahali tulipoachia, akasoma matusi ya ndugu za Myombekere yote, moja moja, bila kuharakisha wala kutetemeka. Mwanangu akatazama chini. Mama watoto akanitazama mimi. Kurasa tano zilipokwisha akafunga kitabu, akasema, "Lala salama, Baba. Lala salama, Shangazi," akatoka.

Dada yangu akakaa kitambo. Kisha akasema, "Wakerewe hao walikuwa watu wapumbavu." Hakusema neno jingine, akaenda kulala.

Msidhani kwamba siku ya pili yake aliomba radhi. Hakuomba, wala mpaka leo hajaomba. Lakini twalipofika mahali Myombekere anapohangaika kutafuta ndizi za kutengeneza pombe aliyotozwa na baba mkwe wake, ndipo arudishiwe mke, dada alifurahi mno, akabishana nasi juu ya idadi ya mitungi, akasema kwamba kwetu Uhangaza asingeponyoka kwa mitungi michache hivyo. Na maneno ya mgomba usiozaa sikuyasikia tena. Nimefikiri sana kwa nini. Habari za Hana na Penina twazisikia kanisani tangu utoto, na dada huzisikiliza kama sisi. Nadhani Shilo kwake ni mbali, na Ukerewe ni karibu. Watu wa Shilo hawali ndizi.

Baadaye Bugonoka akapata dawa kwa mganga Kibuguma, akazaa mwana na binti. Wajukuu wakashangilia. Lakini jioni ile mkaza mwanangu alinifuata mlangoni akasema, "Baba, mwenye kitabu amempa Bugonoka watoto. Kuandika mtoto ni rahisi."

Sikuwa na la kumjibu usiku ule. Siku ya pili nikamweleza niliyoyajua juu ya Kitereza mwenyewe: kwamba yeye na mkewe Anna walipata watoto, na watoto wale wakafa wangali wachanga, kwamba mzee yule aliyetuandikia Ntulanalwo na Bulihwali alizeeka hana mtoto nyumbani, wala hakumwacha Anna. Alinyamaza, kisha akauliza, "Yeye alikuwa Mkristo?" Nikasema alikuwa Mkristo mpaka kufa kwake. Akauliza tena, "Na ndugu zake walimwambiaje?" Hilo sikulijua.

Mwezi wa Novemba mwanangu akaenda pamoja na mkewe hospitali, wapimwe wote wawili. Miaka sita alikuwa akienda mke peke yake, kana kwamba jambo hili ni la mtu mmoja. Waliyoambiwa na daktari ni yao.

Najua wako watakaouliza kama kitabu chenye waganga na mitungi ya pombe chafaa kusomwa katika nyumba ya Kikristo. Jibu langu ni kwamba katika nyumba yangu kimefanya kazi niliyoiogopa mimi miaka sita.

Kitabu cha pili nitakitaja kwa ufupi, nacho ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, naye pia mtu wa Ukerewe. Kilitoka mwaka 1971, na kwa muda kilikatazwa shuleni. Hiki hatukukisoma kwa sauti. Mimi na mama watoto twalikisoma kwa zamu. Ni habari za binti ambaye baba yake alimpiga vibaya kwa sababu ya barua ya kijana, na baada ya hapo ulinzi wote ule wa baba haukumlinda kitu. Mimi nalisema si kitabu cha kuwapa wasichana wadogo. Mama watoto akasema, "Sawa, usiwape wasichana. Wape baba zao." Basi nimewapa wawili, mmoja amenirudishia bila kusema neno, na wa pili anacho bado.

Sasa nije kwenye mwaka huu. Jioni ya tarehe 1 Januari twalifungua Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1952. Nalichagua siku hiyo kwa makusudi, maana Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari mwaka 1909. Kitabu ni chembamba, na wajukuu walistahili kupumzishwa baada ya zile kurasa 600. Tena kina jambo la kumshika mtoto asilale: kwa nini mtu mwema kama Adili awapige manyani wawili kila usiku, naye alia akiwapiga? Mjukuu wa kati amekwisha kuniomba nimwambie mwisho wake, nikakataa.

Baada yake twakusudia kusoma Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934, kinachosimulia habari za watumwa waliookolewa baharini wakakaa Frere Town, karibu na Mombasa. Nalikisoma zamani nikiwa kijana. Mbotela awasifu Waingereza kupita kiasi, nami nitawaambia hivyo watoto kabla hatujaanza. Lakini yeye alikuwa mtoto wa mmoja wa waliookolewa, na habari alizozisikia kwa baba yake hazipatikani kwa mwingine.

Kusudi la tatu si la kusoma tu. Nimenunua daftari kubwa, na kila Jumamosi jioni, jioni ambayo hatusomi, dada yangu atasimulia hadithi moja kwa Kihangaza, na mkaza mwanangu ataiandika kama inavyosemwa. Dada alikubali kwa sharti moja: "Andikeni, lakini msinisahihishe." Hadithi za kwetu nalizoea kuziona kama kitu kilichopo tu, kama mvua. Nalipofikiri kwamba Kitereza alianza kuandika kwa sababu ya hofu ileile, na kwamba dada yangu ni mzee, nikaona aibu kwamba sina hata moja iliyoandikwa. Walimu wenzangu wa Ushubi na Uzinza, nanyi mna wazee.

Neno moja kwa walimu juu ya upungufu wa vitabu, maana najua mtauliza twavipata wapi. Vingine nalivinunua Bukoba na Mwanza, kimoja kimoja, nilipokuwa na safari. Kitereza tulinunua walimu watatu kwa kuchanga. Kila nyumba hukaa nacho mpaka ikimalize. Kimevikwa jalada la karatasi ngumu, na hulala katika sanduku la bati, juu ya mawe, kwa ajili ya mchwa. Ndani ya jalada twaandika jina la nyumba na tarehe ya kukipokea na ya kukitoa. Mchwa nimewashinda, bali wakopaji wasio na tarehe bado. Simu nazo zina vitabu, sikatai, na mwanangu husoma humo; lakini simu moja haisomwi na watu wanane, na msomaji akipigiwa katikati ya ukurasa hadithi hupoteza njia.

Kitabu cha Kitereza sasa kimetakiwa na mwenzetu wa tatu, aliyeko Nyakahura, wilaya ya Biharamulo. Kilikuwa kipelekwe kwa basi kabla ya Krismasi. Lakini dada yangu ameomba asomewe tena mahali Myombekere anapofika uani kwa wakwe zake, na aliyemwomba amsomee ni mkaza mwanangu. Wamekwisha kusoma mara mbili. Nimewaandikia wa Nyakahura wanivumilie mpaka Jumatatu ya juma lijalo, na tarehe ya kukitoa sijaiandika bado.