Kwenda Namugongo kwa Miguu: Alama ni za Yule wa Nyuma

Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, mahujaji wengi wa Kenya huvuka mpaka kwa miguu kwenda Namugongo, Uganda, kuwakumbuka Mashahidi waliouawa kati ya 1885 na 1887. Kutoka kwetu Kabianga safari hiyo ni karibu kilomita 400. Ukitembea kilomita 25 au 30 kwa siku, ni wiki mbili na zaidi.

Vikundi vinapojiandaa huzungumza juu ya viatu, chakula na mahali pa kulala. Hayo ni ya lazima. Lakini kuna swali moja ambalo mara nyingi husahauliwa. Yule mama wa nyuma, miguu imevimba, akifika njia panda saa kumi na mbili jioni, atajuaje wenzake wameshika njia ipi?

Wengine watasema, "Si barabara ni moja tu? Atauliza." Ndugu msomaji, barabara si moja. Tuihesabu pamoja.

Kwanza ni hapa hapa nyumbani. Vijia vya katikati ya chai vinafanana kama mapacha, na asubuhi yenye ukungu hata mwenyeji anaweza kupotea kabla ya kufika Kapsoit. Ukiteremka Awasi na kuingia tambarare ya Kano, milima ya Nandi iwe mkono wako wa kulia. Pale Ahero kuna barabara ya Kisii; usiifuate, shika ya Kisumu. Ukipita Kisumu utafika Kisian. Hapo njia ya kushoto inaenda Bondo. Yetu inapanda Maseno, halafu Luanda, Yala, Ugunja, Bumala na Busia. Ukishavuka mpaka, pale Namutere mkono wa kulia ni Tororo. Wewe shika kushoto, uende Bugiri, Iganga na Jinja. Baada ya mto Nile kuna msitu wa Mabira, ambao haufai mtu kuupita peke yake. Kisha ni Lugazi na Mukono. Namugongo iko kabla ya kufika katikati ya Kampala, na mtu asiyejua anaweza kuipita.

Wazee wa misafara walilijua jambo hili. Misafara iliyotoka Pwani kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 ilikuwa na kirangozi, yaani kiongozi aliyetangulia na bendera. Kwenye njia panda, tawi lililowekwa kukata njia lilimwambia anayefuata, "Huku siko." Hakuhitaji kujua kusoma.

Huko Hispania, mahujaji wa Santiago de Compostela walikuwa na shida hiyo hiyo. Mwaka 1984 paroko wa kijiji cha O Cebreiro, Padre Elías Valiña, alianza kupaka mishale ya njano njiani. Alikufa 1989, lakini mishale ya njano inaongoza watu mpaka leo. Kilichohitajika ni rangi, brashi na mtu wa kumfikiria mgeni.

Basi sisi tufanyeje? Haya ni mambo ya kukubaliana kabla ya kuondoka:

1. Alama iwe moja na kila mtu aijue. Kitambaa cheupe au cha njano kinafaa. Kijani kitapotea kwenye majani. Msitumie X nyekundu. Watu wetu wameiona kwenye nyumba zinazotakiwa kubomolewa kando ya barabara, na mtawatia wasiwasi bure.

2. Wekeni alama kabla ya njia panda, halafu nyingine hatua hamsini baada ya kukata kona. Ya kwanza inaelekeza. Ya pili inahakikisha. Bila ile ya pili, mtu hutembea na mashaka.

3. Fungeni kitambaa usawa wa macho. Mvua ya Mei huosha chaki na mishale ya mchangani.

4. Msipake rangi kwenye vibao vya barabara, wala kufunga kitu kwenye ua wa mtu bila ruhusa.

5. Awepo wa mbele anayeweka na wa nyuma anayekusanya. Wa nyuma asimpite mtu yeyote, hata kama huyo amekaa chini kufunga kiatu. Kwenye njia panda kubwa abaki kijana mmoja mpaka wa nyuma afike.

Simu ni msaada, lakini betri huisha, na laini ya Kenya inaweza kugoma ng'ambo. Kila mmoja awe na karatasi yenye majina ya miji kwa mpangilio, na kitambulisho mfukoni.

Ukipotea je? Usiendelee kwa kubahatisha. Rudi mpaka alama ya mwisho uliyoiona, ungoje hapo. Ukiuliza njia, usiseme, "Hii inaenda Jinja?" Mtu mwenye heshima atakuitikia "ndiyo" ili asikuvunje moyo. Uliza, "Hii inaenda wapi?" Hapo atalazimika kutaja jina. Angalia jua pia: safari hii kwa jumla ni ya magharibi, kwa hivyo asubuhi jua likupige mgongoni, na jioni likupige usoni. Ukiona ni kinyume, simama.

Wanaotangulia huwa na nguvu, na wenye nguvu hawahitaji sana alama. Lakini kikundi hakijafika mpaka wa mwisho awe amefika.

Ya kujadiliana katika jumuiya ndogo ndogo:
- Katika safari yetu, nani atakuwa wa nyuma, na nani wa kumpokea akichoka?
- Je, mgeni akishuka stendi leo, anaweza kufika kanisani au zahanati kwetu bila kuuliza? Tuweke alama wapi?