Maganda Hunasa Sumu, Lakini Si Kazi ya Jikoni

Wengi wetu tumezoea kuchemsha maji ya kunywa na kuyachuja kwa kitambaa safi. Tuendelee hivyo, kwani vijidudu vya kuhara hufa. Lakini iko sumu isiyokufa kwa moto: metali nzito kama risasi, zebaki na kadimi. Maji yakichemka hupungua, risasi hubaki mle mle.

Hatari hii haiko mbali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Moshi na maji yake machafu viliwafikia watu majumbani, na watoto walipopimwa walikutwa na risasi katika damu. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilirudisha fidia iliyoamriwa mwaka 2020. Hata hivyo, fedha haiponyi ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Je, maji ya viwandani yaweza kusafishwa? Ndiyo, na kisaidizi kimoja tunakitupa kila siku: pumba za mpunga, maganda ya machungwa, magunzi ya mahindi, makumbi ya nazi. Nyuzi zake hunasa metali kama kishonanguo kinavyonasa nguo. Yakiwa mabichi hunasa kidogo, huoza na kutia maji rangi. Kwa hiyo wataalamu huyaosha, huyakausha na kuyasaga, kisha huyatia katika magadi makali ya kutengenezea sabuni, au asidi ya limau, ili yapate nguvu zaidi ya kunasa. Maji machafu hupitishwa humo polepole. Yakiwa na asidi nyingi, kama ya betri, risasi haishikwi vizuri. Lazima ukali huo upunguzwe kwanza.

Kazi hii ni ya kiwanda chenye wapimaji. Sisi nyumbani tukumbuke haya:

1. Maji kung'aa si dalili ya usalama. Risasi ndani ya maji haionekani. Hujulikana kwa kupimwa maabara.

2. Maganda yaliyokwisha kunasa risasi ni sumu. Mbuzi wasilishwe, yasitiwe shambani wala yasichomwe moto.

3. Betri kuukuu isivunjwe uani, wala asidi yake isimwagwe mtaroni.

4. Kisima kikiwa karibu na mahali pa kuyeyushia betri, mwombeni bwana afya maji yapimwe, nanyi mchote kwingine. Watoto wapelekwe hospitali wapimwe damu.

Na kiwanda kikimwaga maji mtoni, wazazi tukiulize: maji haya yamesafishwa kwa nini, na nani ameyapima? Kuuliza si ugomvi. Wanaokunywa maji hayo ni watoto wetu.