Nyumba ya Pwani: Sakafu na Bustani Zipigiwe Hesabu Moja

Dada yangu alitangulia kujenga. Nyumba yake iko Kigamboni, karibu na bahari kiasi kwamba kusi ikivuma usiku unasikia mawimbi ukiwa kitandani. Alinunua marumaru nyeupe zinazong'aa kama kioo, na siku ya kuhamia kila mgeni alizisifu. Mwaka wa pili zilikuwa zimefifia kuanzia mlangoni hadi jikoni, mstari mzima unaoonyesha watu wanapopita. Ni mchanga uliofanya kazi hiyo. Chembe zinaingia na nyayo, na kila anayezikanyaga anaisugua sakafu kwa msasa bila kujua. Mwaka huohuo mama yetu aliteleza barazani, miguu ikiwa bado na maji ya bahari, akavunjika mkono.

Zamu yangu ya kujenga ilipofika nilikataa kupanga sakafu leo na bustani "tukishahamia". Ua usiopandwa kitu ndio unaoleta mchanga ndani, na sakafu uliyochagua ndiyo inayoamua mchanga huo utakula pesa kiasi gani. Kwa hiyo nilizipigia hesabu pamoja, tangu msingi ulipokuwa unachimbwa.

Nianze na mahali ambapo hakuna mgeni atakayepaona, yaani chini ya jamvi la zege. Ardhi ya pwani ina unyevu wenye chumvi, na saruji huunyonya kama utambi unavyonyonya mafuta. Unyevu ukifika juu unakauka, chumvi inabaki, na baada ya muda unaona unga mweupe kwenye viungo vya marumaru, kisha marumaru zenyewe zinaanza kulia ukizigonga kwa sababu zimeachana na sakafu. Dawa yake ni nailoni nzito inayotandikwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa na kusawazishwa kwa mchanga, kabla zege halijamwagwa. Maungio yake yapandane vizuri, na kingo zipandishwe ukutani. Hakuna gharama ndogo kuliko hiyo katika nyumba nzima, na ndiyo inayorukwa kwanza fundi akitaka kuokoa pesa. La pili ni mchanga wa zege. Usikubali mchanga wa ufukweni hata ukiwa hatua ishirini kutoka kwako na wa mtoni unakuja kwa lori. Chumvi yake inakula nondo, nondo zikishika kutu zinavimba, na zege linapasuka. Tena kuuchota ni kuubomoa ufukwe unaokulinda.

Sasa juu ya jamvi. Chukua sebule ya mita 5 kwa 6, yaani mita za mraba 30. Ukitaka marumaru za sentimita 60 kwa 60, ongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande vinavyokatwa na vinavyovunjika, upate mita 33. Boksi la marumaru nne lina mita 1.44, kwa hiyo unahitaji maboksi 23. Tuseme mita moja ni shilingi 30,000; maboksi hayo yatagharimu 993,600 kabla ya gundi, grauti na ujira wa fundi. Weka na boksi la akiba, maana mwaka kesho rangi ileile inaweza isipatikane dukani.

Chumba hichohicho ukikipiga niru, yaani saruji iliyolainishwa juu ya lipu, hesabu ni nyingine. Lipu ya kusawazisha yenye unene wa sentimita 4 inakula karibu mifuko 9 ya saruji kwa uwiano wa moja kwa nne, na lipu hiyo mara nyingi ungeihitaji hata kwa marumaru. Niru yenyewe inaongeza mfuko mmoja au miwili, na oksaidi ukipenda sakafu nyekundu kama ya nyumba za zamani. Tofauti kati ya sakafu hizi mbili, kwa sebule moja tu, inakaribia milioni.

Kwa nini basi watu wanaikimbia niru? Kwa sababu wameiona ikipasuka. Inapasuka kwa sababu mbili kubwa: fundi ameimwaga chumba kizima kama shuka moja, na hakuna aliyeimwagilia maji. Igawe kwa vipande vya mita moja na nusu hivi, ukitenganisha kwa vioo vyembamba au plastiki, halafu uiweke maji siku saba bila kukosa. Mimi nimepiga niru vyumba vyote vya kulala, na wakati wa joto watoto wanalala chini kwa hiari yao.

Terazo ni ndugu yake mkubwa. Vipande vya mawe vinachanganywa na saruji, vikishakauka vinasagwa kwa mashine mpaka vinang'aa. Ingia katika shule au hospitali kongwe ya Dar es Salaam au Mombasa uone sakafu iliyokanyagwa miaka hamsini na bado nzuri. Ikifubaa inasagwa upya, jambo lisilowezekana kwa marumaru. Tatizo ni fundi. Wanaoijua vizuri wamepungua, na tope la kusaga linachafua kila kitu, kwa hiyo ifanywe kabla ya rangi na milango.

Sakafu ya mbao ninaipenda kwa macho tu. Mninga na mtiki ni miti imara, lakini hewa yetu inaivimbisha mbao wakati wa masika na kuisinyaza kiangazi, na mchwa hawachoki. Zile mbao za kubandika zilizotengenezwa kwa unga wa mbao nisingeziweka pwani hata kwa bure. Kapeti la ukuta hadi ukuta nalo ni ghala la mchanga na ukungu. Mkeka unakung'utwa, unaanikwa, yameisha.

Ukibaki na marumaru, usinunue kwa macho. Geuza moja, mwagia maji mgongoni. Ikiyanywa haraka ni ya kauri laini, ifaayo ukutani. Porseleni haitakiwi kunywa zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Kwenye boksi tafuta alama ya PEI, inayopima jinsi uso unavyostahimili msuguano, na kwa sakafu inayoingiliwa na mchanga chukua 4 au 5. Kwa baraza na bafu tafuta alama ya R, inayopima jinsi uso unavyozuia kuteleza, na usishuke chini ya R11 barazani. Marumaru zinazotengenezwa Mkuranga na Chalinze zimetupunguzia safari ya bandarini, na kati yake zipo zisizong'aa. Hizo ndizo nilizoweka sebuleni, rangi ya mchanga, ili mchanga wenyewe usinipigie kelele kila saa. Barazani niliacha saruji iliyofagiliwa kwa ufagio mgumu ikiwa mbichi, yenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea nje. Ni rahisi kuliko zote, na mama anatembea juu yake bila kushikwa mkono.

Nikaja kwenye ua. Ndoto ya wengi ni zulia la nyasi mbele ya bahari. Nyasi za mita za mraba 100 wakati wa kiangazi zinahitaji kama milimita 5 za maji kwa siku, yaani lita 500, ndoo kubwa 25 kila siku. Miezi miwili ya jua ni lita 30,000, maboza matatu ya lita 10,000. Piga simu leo uulize bei ya boza moja mpaka kwako, uzidishe kwa tatu, kisha kwa kila mwaka utakaoishi hapo. Kisima si jibu la moja kwa moja. Karibu na bahari maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kwa pampu kwa pupa unayapandisha ya chini. Yaonje kila mwezi.

Nilichofanya ni kubakiza nyasi mita 20 tu, pale watoto wanapochezea, na nikachagua ukoka wa Pemba wenye majani mapana unaovumilia kivuli na chumvi. Upande wa bahari nimeuachia mlakasa, ule unaotambaa fukweni na maua ya zambarau. Haununuliwi, haumwagiliwi ukishashika, na unaushika mchanga usiruke. Nyuma yake kuna mstari wa mivinje kuvunja kusi. Mvinje chini yake hakuoti kitu kwa urahisi, kwa hiyo usiutegemee kwa bustani ya maua. Minazi niliipanda mita 8 kutoka ukutani, maana nazi haichagui kichwa. Nilichukua kitamli kwa sababu kinaanza kuzaa mapema kuliko mnazi mrefu. Mkungu una kivuli kisicho na mfano, ila mizizi yake inainua sakafu, uweke mbali. Asumini, mrehani na mkadi, vya kufungia vikuba, vipate kona ya nyuma isiyofikiwa na upepo wa chumvi.

Kabla ya yote hayo pima umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ukanda huo usiujengee hata kibanda.

Mafundi nao wapewe mahali pamoja pa kukorogea saruji. Udongo wa matumbawe tayari una chokaa nyingi, na palipomwagwa mabaki ya saruji mche hudumaa. Udongo mweusi wa juu usukumwe pembeni siku ya kuchimba msingi, urudishwe mwishoni pamoja na samadi, na makumbi ya nazi yatandazwe juu kutunza unyevu. Miche iingie ardhini masika yanapoanza, hata kama nyumba haina bati, na mabati yakishapanda weka mifereji mara moja. Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 20 linakupa zaidi ya lita 1,900 ukitoa zinazopotea.

Jambo la mwisho ni bomba la kunawia miguu. Langu liko mwisho wa njia ya kokoto, hatua mbili kabla ya baraza, na maji yake yanakwenda kwenye shina la mgomba. Paipu yake ipite chini kabla baraza halijamwagwa zege. Dada yangu aliweka la kwake mwezi uliopita, na fundi alilazimika kuvunja marumaru sita kupitisha paipu. Za kuziba nafasi hiyo hazikupatikana tena dukani.