Kombania na Wapagazi: Muundo wa Jeshi la Ulinzi la Ujerumani Afrika Mashariki (1889–1918), kwa Kurejelea Nyanda za Juu za Mwese

Waandishi wa historia ya kijeshi wanapolieleza jeshi la Ujerumani vitani, kipimo chao cha kawaida ni divisheni. Mwaka 1914 divisheni moja ya askari wa miguu barani Ulaya ilikuwa na watu wapatao 17,500, katika brigedi mbili, rejimenti nne na batalioni 12, pamoja na mizinga 72. Kipimo hicho hakifai huku kwetu. Jeshi zima la Afrika Mashariki ya Kijerumani, Schutztruppe, lilipofikia upeo wake mwanzoni mwa 1916 lilikuwa na Waafrika takribani 11,000 na Wajerumani takribani 3,000, yaani pungufu ya divisheni moja. Makala haya yanadai kwamba nguzo yake ilikuwa kombania, na kwamba kombania haielezeki bila wapagazi.

Chimbuko lake ni kikosi cha Hermann von Wissmann, kilichoundwa 1889 ili kuzima upinzani wa Abushiri pwani. Wengi wa askari wake wa mwanzo walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri. Ndiyo maana vyeo vya ombasha, shaushi na efendi vina asili ya Kituruki, si ya Kijerumani. Mwaka 1891 kikosi hicho kilifanywa jeshi la dola. Baadaye Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema waliandikishwa kwa wingi.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na kombania 14. Kila moja ilikuwa na askari kati ya 160 na 200, Wajerumani wasiozidi 20 hivi, bunduki chache za rashasha, na wapagazi wake wapatao 250. Iliweza kutembea na kupigana peke yake, jambo ambalo kombania ya Ulaya haikutarajiwa kulifanya. Silaha zake, hata hivyo, zilikuwa hafifu: kombania nyingi bado zilibeba bunduki za muundo wa 1871, ambazo moshi wake ulimfichua mpigaji. Kombania kadhaa zilipohitajika pamoja, ziliunganishwa kwa muda chini ya afisa mmoja, na kundi likaitwa kwa jina lake.

Mwese haikuwa na kombania. Zilizokuwa karibu ni ya sita, Ujiji, na ya nane, Tabora. Kusini kulikuwa na boma la Bismarckburg, Kasanga ya leo. Kati ya Kigoma na Kasanga, barabara ya jeshi ilikuwa ziwa lenyewe. Meli ya Goetzen ilisafirisha askari mbele ya pwani ya Karema hadi Wajerumani walipoizamisha wenyewe Julai 1916, Wabelgiji walipoikaribia Kigoma. (Ndiyo MV Liemba.) Tangu hapo kila mzigo wa magharibi ulirudi kichwani mwa mtu. Tabora ilianguka Septemba 1916, na kombania za Jenerali Kurt Wahle zikaelekea Iringa kwa miguu.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Wajerumani waliohesabiwa ni 155, na askari 1,168. Idadi ya wapagazi waliokuwa nao hutofautiana kutoka mwandishi mmoja hadi mwingine.