Mtaro wa Maji Taka Usiharibu Kisima

Trekta dogo huchimba kwa saa chache mitaro ya kufyonza maji ya choo, ambayo kwa jembe ingetuchukua siku nyingi. Lakini tusiharakishe. Kwanza tupime: mitaro iwe angalau meta 30 kutoka kisimani, tena upande wa chini wa mteremko. Tusichimbe udongo ukiwa umelowa, kwani ndoo ya trekta huusiliba ukaziba, maji yasipate pa kupenya. Tukwaruze kuta za mtaro kwa reki, tumwage kokoto, na baada ya kufukia trekta lisipite juu yake. Maji hayo yakifika kisimani huweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo. Kumpenda jirani ni pamoja na kulinda maji anayokunywa.